Kushona Mfarishi kwa Mkono Huru: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Cherehani ya Nyumbani

Cherehani inaposhona kwa kawaida, kazi ni mbili: sindano inapanda na kushuka, na meno yaliyo chini ya mguu, yaani kile kipande cha chuma kinachokandamiza kitambaa, yanasogeza kitambaa. Anayeshona anaelekeza tu. Katika ushonaji wa mkono huru, kazi ya pili inahamia kwako. Meno yanashushwa, mguu wa kawaida unatolewa, na kitambaa kinakwenda kokote mikono inakokipeleka, mbele, nyuma, kando au kwa mzunguko, bila kugeuzwa. Mafundi wanaotia darizi kwenye shingo za kanzu kwa cherehani za mshono mnyoofu hufanya hivyohivyo. Mfarishi umezidi kwa uzito: una tabaka tatu, yaani kitambaa cha juu, pamba na bitana, na ukubwa wake unakuburuta wakati wewe unataka kuchora.

Kuna jambo moja la kulielewa kabla ya mengine yote. Urefu wa kishono hauko tena kwenye kirungu cha cherehani. Unatokana na mwendo wa mikono ukilinganishwa na mwendo wa sindano. Chukua cherehani inayopiga vishono 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Ukitaka kila kishono kiwe cha milimita 2.5, mikono isogeze kitambaa sentimita 2.5 kwa sekunde. Ukisogeza sentimita 5, vishono vinakuwa vya milimita 5 na mfarishi utanasa kwenye kucha za miguu kila usiku. Ukisogeza sentimita 1, vinabanana hadi mstari unakuwa mgumu kama kamba, na ukikosea hutaweza kuufumua bila kutoboa kitambaa.

Kwa hiyo usijifunze mambo mawili kwa pamoja. Uweke mguu wako kwenye kasi moja ya wastani na uishikilie, kisha iache mikono ijifunze kuifuata. Karibu wote wanaoanza hufanya kinyume: wanakanyaga kwa woga, mikono inakimbia, na mstari unatoka na vishono virefu vyenye kona. Baiskeli nayo huyumba zaidi ikienda polepole mno.

Ukiambiwa kwamba mfarishi wa cherehani si mfarishi wa kweli, fahamu kwamba hoja hiyo ni ya zamani. Huko Marekani kazi ya cherehani ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa chini ya kazi ya mkono, mpaka mwaka 1989, pale mfarishi wa Caryl Bryer Fallert ulioshonwa kwa cherehani ulipochukua tuzo ya juu ya maonyesho ya American Quilter's Society, chama cha washona mifarishi, mjini Paducah, Kentucky.

Cherehani na vinavyohitajika

Cherehani ya umeme ya nyumbani inatosha, hata ikiwa ndogo. Ya kukanyaga kwa miguu ni nzuri sana kwa kazi hii kwa sababu ina mdundo ulio sawa, mradi uzoee kulianzisha gurudumu kwa mkono likielekea kwako. Likizunguka kinyume hata mara moja, uzi unakatika. Ya kuzungusha kwa mkono haifai, maana mikono yote miwili inatakiwa kwenye kitambaa.

Angalia kama meno yanashuka. Kwenye cherehani nyingi za umeme kuna kiswichi nyuma, au karibu na mahali pa bobini, ule mkebe mdogo wa uzi wa chini. Kwenye baadhi ya zile nyeusi za chuma, laza kichwa nyuma utafute skrubu au kirungu upande wa chini. Nyingine hazina kabisa. Kama hakuna, kata kipande cha plastiki nyembamba na laini, toboa tundu la kupitisha sindano kwa nafasi, kisha ukibandike kwa selotepu juu ya meno. Kwa vyovyote vile weka urefu wa mshono kwenye 0, ili meno yasiendelee kwenda mbele na nyuma bure.

Mguu unaotumika ni ule wa darizi: mdogo, wenye pete au uwazi mbele, wenye springi, na kijimkono kinachokaa juu ya skrubu ya kubania sindano. Sindano ikipanda, kijimkono kinaunyanyua mguu. Ikishuka, mguu unatua. Miguu hii huja ya shina fupi na ya shina refu, na moja haiingii mahali pa nyingine, hivyo nenda dukani na mguu wako wa kawaida mkononi. Usidanganyike kwamba unaweza kushona bila mguu. Sindano inapopanda hukivuta kitambaa pamoja nayo. Kisipozuiwa, kile kitanzi cha uzi ambacho ndoana ya chini hukidaka hakijitengenezi, na kishono kinarukwa. Mguu unakizuia kitambaa kwa ule muda mfupi tu, na vilevile unakinga vidole vyako.

Jaribu kimo chake juu ya tabaka zote tatu. Wenzo wa kunyanyulia mguu ukiwa umeshushwa na sindano iko juu kabisa, mguu uelee kidogo, kitambaa kipite chini yake bila kukwama. Sindano ikiwa chini, mguu uguse bila kukandamiza. Ukikandamiza, kitambaa cha juu kitasukumwa na kufanya mikunjo.

Sindano iwe mpya, namba 90/14, ya aina ya jinzi: ncha yake ni kali na mwili wake mgumu, kwa hiyo haipindi ovyo mikono inapovuta. Za kushonea jezi, zenye ncha ya duara, ziache. Ule mfereji mrefu wa sindano uelekee upande ambao uzi unaingilia. Ibadilishe baada ya saa 8 hivi za kushona, au mapema zaidi ukianza kusikia inagonga kitambaa badala ya kutoboa kimya.

Uzi wa polista 40/2, ule wa kila duka la vifaa vya mafundi, unafaa kwa kujifunza. Chagua koni isiyo na manyoyamanyoya. Pamba namba 50 ni nyembamba zaidi na inalala vizuri ndani ya kitambaa, ila bei yake ni kubwa na si kila mahali inapatikana. Uzi uliokaa dirishani kwenye jua ukakatika kwa kuvutwa kidogo, utupe; hakuna mkazo utakaoutengeneza. Koni kubwa isiyoingia kwenye kijiti cha cherehani iweke ndani ya kikombe nyuma ya mashine, uzi upande juu kwanza ndipo uingie kwenye njia yake.

Mikono inahitaji kushika bila kubana. Glavu za kazi zenye vidoti vya mpira, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, zinafanya kazi hiyo kwa bei ndogo. Nunua zinazokubana kidogo, kata ncha ya kidole gumba na ya shahada ili uweze kutunga uzi bila kuzivua.

Meza inawashinda watu wengi bila wao kujua. Mfarishi ukining'inia ukingoni, uzito wake unavuta kuelekea chini wakati sindano iko ndani ya kitambaa. Sindano inapinda, inagonga bamba, inavunjika. Hata isipovunjika, mchoro unapinda na vishono vinabadilika urefu. Cherehani iliyozama ndani ya meza yake tayari ina uso uliolingana. Kwa ile inayokaa juu ya meza, panga mbao au vitabu vikubwa kushoto na mbele mpaka vilingane na kitako chake, kisha tandika juu fomaika au kitambaa cha plastiki kisicho na mikunjo. Isukume meza hadi ukutani ili mfarishi usidondoke kwa nyuma. Kiti kiwe cha kimo ambacho viwiko viko sawa na uso wa meza au juu yake kidogo. Mabega yakipanda, baada ya dakika 10 mistari inaanza kutetemeka.

Kanga, pamba na bandi

Kwa mfarishi wa kwanza tumia kanga. Ni nyepesi, ni pamba, ukubwa wake wa karibu sentimita 150 kwa 110 unamfaa mtoto au wa kujifunikia kwenye kochi, na kubwa zaidi, mchoro umeshachorwa. Pindo, mji na jina ni mistari ya kufuata kwa sindano. Chagua yenye korosho kubwa au maua makubwa. Yenye nukta na mistari midogomidogo itakuchosha macho.

Kanga mpya imejaa wanga na mara nyingi inachuja rangi, hasa nyekundu na nyeusi. Ifue kwa sabuni, suuza mpaka maji yatoke safi, kausha, piga pasi. Bitana nayo vivyo hivyo. Ukiruka hatua hii, kufua kwa kwanza kutapaka bitana rangi, na kitambaa kimoja kitarudi kuliko kingine.

Kwa bitana, shuka ya zamani ya pamba yenye maua inashinda kitambaa kipya cha rangi moja. Maua yanaficha vishono vya mwanafunzi, rangi moja inavitangaza. Ukitaka kutumia kanga ya pili ya doti ili jina lisomeke pande zote mbili, inawezekana, lakini itabidi uiongezee vipande vya muda pembeni, kwa sababu bitana lazima izidi.

Tabaka ya kati ina njia tatu. Pamba bapa iliyotengenezwa kwa mifarishi, unene wa milimita 3 hadi 5, ndiyo rahisi kushona. Faiba bapa ya kukatwa kwa mita inapatikana kwa urahisi, lakini chukua ile nyembamba. Nene ya makochi inajaa chini ya mkono wa cherehani na kuteleza. Faiba pia huyeyuka chini ya pasi kali, na ikiachwa bila mshono kwa nafasi kubwa hukusanyika mabonge ikifuliwa, kwa hiyo mistari isiachane zaidi ya sentimita 8. Njia ya tatu ni flana au blanketi jepesi lililochakaa. Kwa joto la Pwani hiyo ndiyo bora: mfarishi unakuwa mwembamba, haukusanyi jasho, na tabaka za pamba hushikana zenyewe bila kuteleza.

Vipimo kwa kanga ya 150 kwa 110: pamba 160 kwa 120, bitana 170 kwa 130. Hiyo ni ziada ya sentimita 5 kila upande kwa pamba na 10 kwa bitana. Unahitaji pa kushika unaposhona pembezoni, na tabaka husogea hata kwa aliyebobea.

Tandika bitana sakafuni, upande mbaya juu, uibandike pembeni kwa selotepu ya karatasi. Iwe imenyooka bila kuvutwa. Ikivutwa, itarudi ukiibandua na kufanya mikunjo. Weka pamba, ilainishe kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Weka kanga, fanya vivyo hivyo. Kisha piga bandi, yaani mishono ya muda ya kushikiza tabaka, nayo ianzie katikati: vishono vya sentimita 4 hadi 5, mistari ikiachana sentimita 10, kwa wima na kwa ulalo. Anayependa pini za kufunga aziweke kila upana wa kiganja, na kwa kanga moja ajiandae na pini kama 150. Pini ziwe mbali na mistari utakayoishona. Nyuzi za bandi zinaweza kunasa kwenye mguu wa darizi, hivyo zikate na kuzivuta kadiri unavyozifikia. Mwisho geuza kazi yote uikague bitana. Mkunjo ulioko sasa utashonewa humo humo.

Kusawazisha uzi

Usiiguse kanga bado. Kata vipande 10 vya majaribio vya sentimita 35 kwa 35 kutoka kitambaa cha marekani, juu na chini, na katikati pamba ileile utakayotumia. Pamba tofauti hutoa mkazo tofauti, na majaribio ya kitambaa kitupu hayakuambii chochote.

Weka uzi mwekundu juu na wa bluu kwenye bobini, wa aina moja. Shona mawimbi, kisha soma. Ukiona nukta za bluu upande wa juu, uzi wa juu umekazwa mno: punguza nusu namba kwenye kirungu cha mkazo. Ukiona vitanzi vyekundu upande wa chini, umelegea: ongeza nusu namba. Rekebisha, shona tena sentimita 20, tazama tena. Mara nyingi namba inayofaa hapa si ile ya kushonea nguo, kwa hiyo iandike mahali.

Ikiwa juu kumeshindikana kabisa, ndipo uende kwenye bobini. Kwa kikasha cha bobini cha chuma kinachotolewa, kishike kwa uzi wake kikining'inia: kisishuke chenyewe, na ukitikisa mkono kidogo kishuke sentimita chache kisha kisimame. Kikiteremka moja kwa moja, kaza skrubu yake ndogo chini ya robo ya mzunguko, ujaribu tena. Fanya hivyo juu ya sahani, maana skrubu hiyo ikidondoka sakafuni huioni tena.

Kuanza na kusimama

1. Ingiza kipande chini ya mguu na ushushe wenzo. Mguu wa darizi unaelea, hivyo ni rahisi kusahau. Wenzo ukiwa juu, visahani vya mkazo, vile vinavyoubana uzi wa juu, viko wazi, na ndani ya sekunde 3 una kiota cha nyuzi chini.
2. Zungusha gurudumu kuelekea kwako kishono kimoja. Vuta uzi wa juu. Uzi wa bobini utapanda kama kitanzi. Vuta zote mbili zifike sentimita 10, zishike kando.
3. Rudisha sindano kwenye tundu lilelile. Piga vishono 4 au 5 vidogo sana, jumla yake isizidi milimita 5. Hilo ndilo fundo lako.
4. Weka viganja pande mbili za sindano, vidole vimetawanyika, kila kimoja sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye sindano. Sogeza kwa mkono mzima, bega na kiwiko, vidole vikituliza tu.
5. Ukishafika sentimita 10 mbele, simama sindano ikiwa ndani ya kitambaa, kata mikia ya uzi. Ukiiacha itashonewa chini.
6. Kila unapotaka kuhamisha mikono, simama kwanza, sindano ndani. Usiondoe mkono hata mmoja cherehani ikiendelea.
7. Maliza kwa vishono vidogo kama ulivyoanza.

Macho yatangulie. Tazama pale unapokwenda, sentimita 2 au 3 mbele ya sindano. Anayeikodolea sindano hufanya mawimbi madogo yasiyotakiwa, kwa sababu anasahihisha kosa lililokwisha kupita.

Mazoezi yenyewe

Anza na kalamu na karatasi. Chora mchoro unaotaka kuushona bila kunyanyua kalamu, ukurasa mzima, mara kadhaa. Mkono usioweza kuuchora hautaushona. Kisha kaa kwenye cherehani dakika 15 hadi 20 kila siku. Siku moja ya saa 4 mfululizo hukuachia maumivu ya shingo zaidi ya ujuzi.

Zoezi la kwanza ni mistari ya kwenda na kurudi, mbele kisha nyuma, bila kugeuza kitambaa. Pima: kwenye sentimita 5 kuwe na vishono 20. Kati ya 17 na 25 usijali. La pili ni mfululizo wa vitanzi, kama herufi "e" zilizounganishwa. La tatu ni jina lako kwa mwandiko wa kuunganisha. Mkono wako tayari unaijua njia hiyo, na kwa mara ya kwanza utahisi kitambaa kikiandika chini ya kalamu iliyosimama.

Zoezi litakalokuchukua wiki ni mto: mstari mmoja mrefu unaopinda na kupinduka hadi ujaze eneo, bila kujikata popote. Ndio mchoro unaotumika zaidi kujazia nafasi, na unaonekana mwepesi mpaka uujaribu. Amua nafasi kati ya kingo kabla hujaanza, tuseme sentimita 2.5, na uitunze mwanzo hadi mwisho. Kila pindo la mto liondoke upande mmoja na kurudi karibu na lilikotoka, kama vipande vya chemshabongo vinavyoshikana. Kosa la kawaida ni kupanga nyoka sambamba, safu juu ya safu. Ukiliona, lazimisha pindo linalofuata lielekee kinyume kabisa. Kosa la pili ni kujifungia pembeni. Kabla ya kuingia kwenye kona, jua utakavyotoka, na acha njia ya kutokea yenye upana wa nafasi mbili.

Ncha kali zinazojitokeza katikati ya mapindo zinatokana na kusita. Mikono imesimama kidogo kufikiria, sindano imeendelea kupiga papo hapo, kisha mikono imeruka. Ukihitaji kufikiria, simama kabisa, na usimame pale ambapo pindo linakaribia mstari mwingine. Huko kishono kilichojikunja hakionekani. Juu ya mgongo wa pindo kinaonekana kutoka mlangoni.

Kokoto ni rahisi kuliko zinavyoonekana: duara dogo, lizunguke mara moja na nusu, toka upande wa pili, anza jingine linaloligusa. Kwa sababu nyuzi zinapita mara mbili, makosa yanajificha. Zinakula uzi mwingi na kukaza kitambaa, hivyo zitumie kwa maeneo madogo.

Mwisho fanya korosho. Chora umbo lake, rudi ndani yake kwa mstari wa pili, ukitumia ukingo wa mguu wa darizi kama kipimo. Jicho lifuate umbali kati ya ukingo wa mguu na mstari uliotangulia, nayo sindano itafika inapopaswa.

Kuishona kanga

Safisha cherehani kwanza. Ondoa bamba la sindano, brashi vumbi la nyuzi, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye njia ya ndoana kama mashine yako ni ya kutiwa mafuta hapo. Jaza bobini kabla. Hesabu ya uzi ni hii: eneo la kanga ni kama mita za mraba 1.65, mistari ikiachana sentimita 2.5, urefu wake wote ni karibu mita 66, na kila uzi, wa juu na wa chini, unakula zaidi ya hapo kwa sababu unapanda na kushuka kwenye unene. Andaa mita 90 kila upande. Ukipunguza nafasi kuwa sentimita 1.25, zidisha mara mbili.

Anzia katikati ya mji. Viringisha upande wa kulia upite chini ya mkono wa cherehani. Nafasi hapo kwa mashine nyingi za nyumbani ni sentimita 15 hadi 18 tu, kwa hiyo shona nusu moja kutoka katikati kwenda nje, kisha geuza mfarishi mzima ushone nusu ya pili. Fanya kazi kwenye eneo la sentimita 25 kwa 25 kwa wakati. Kabla ya kila eneo, kisogeze na kukilegeza kitambaa kuzunguka sindano hadi kiwe kama kidimbwi kilichotulia. Ukihisi kitu kinavuta, simama utafute kilichonasa: kona ya meza, goti lako, waya wa cherehani.

Fuata mzingo wa korosho kubwa kwanza, kisha jazia nafasi kati yao kwa mto. Msongamano uwe sawa kila mahali. Kila mstari wa mshono unakivuta kitambaa kidogo. Eneo lililojazwa sana hurudi ndani, lililoachwa wazi hufura, na mfarishi hautalala bapa hata uupige pasi namna gani. Ukijaza mji kwa kokoto na kuacha pindo tupu, pindo litafanya mawimbi kama shada la kitambaa.

Jina liache mpaka mkono uwe umechangamka, pengine siku ya pili. Zungushia kila herufi, usishone juu yake. Herufi isiyoshonwa inavimba, kilicho kando yake kikilazwa na mto mdogo wa sentimita 1, na maneno yanasomeka hata kwa kupapasa. Kutoka herufi moja hadi nyingine pitia kwenye msingi wa mstari, ambako mto utaufunika mshono wa kuvukia. Pindo lishonwe mwisho.

Mambo yanapoharibika

Kiota cha nyuzi chini ya kitambaa humfanya kila mtu aifungue bobini, kumbe tatizo liko juu: wenzo haukushushwa, au uzi umeruka visahani vya mkazo au ule mkono unaopanda na kushuka. Toa uzi wote, nyanyua wenzo, tunga upya.

Vitanzi upande wa chini vinavyotokea kwenye mapindo tu, huku mistari minyoofu ikiwa safi, vinamaanisha mikono inaharakisha kwenye pindo. Sindano inavutwa kando na uzi haupati muda wa kukazwa. Tuliza mikono hapo, usiguse mkazo kwanza. Vishono vinavyorukwa hutokana na sindano butu, sindano isiyopanda hadi mwisho wa tundu lake, au mguu unaoelea juu mno. Uzi unaochanika na kuacha manyoya unalalamikia tundu dogo la sindano au mkwaruzo kwenye bamba. Pitisha kucha kwenye tundu la bamba utausikia, na fundi aupolishi.

Mkazo uliokuwa mzuri ukiharibika ghafla, tazama bobini inayokaribia kuisha, kisha vumbi chini ya kisahani cha kikasha chake. Sindano ikivunjika, usiendelee mpaka umepata vipande vyote; kimoja ndani ya mfarishi wa mtoto ni hatari, na kimoja kwenye ndoana kitakuharibia mashine.

Mkunjo ulioshonewa kwenye bitana hauna dawa nyingine ila kufumua. Geuza upande wa chini, kata kila kishono cha 4, kisha uvute uzi wa juu. Utatoka kwa urefu. Nyunyiza maji, sugua kwa kucha, matundu yatajifunga.

Kumalizia

Punguza pamba na bitana zilingane na kanga. Pandisha meno, rudisha mguu wa kawaida, urefu wa mshono 3. Kata vipande vya kitambaa vya upana wa sentimita 6, viunganishe vifike mita 5.5. Kingo zikiwa zimenyooka si lazima kukata mshazari. Kunja katikati kwa urefu, weka kingo zisizopindwa zilingane na ukingo wa mfarishi upande wa kanga, shona milimita 7 kutoka ukingoni. Ukifika kona simama milimita 7 kabla, kata uzi, kunja utepe juu kisha chini ulale kwenye upande unaofuata, uanze upya. Ukimaliza, pindua kwenda upande wa bitana na ushone kwa mkono.

Ufue kwa maji baridi, uanike kivulini ukiwa umelazwa, kwa sababu maji yakiwa bado ndani uzito wake unanyoosha mishono. Ukikauka, pamba itakuwa imerudi kidogo na uso mzima kufanya vikunyanzi vyembamba kati ya mistari, na vile vishono vichache visivyo sawa vitakuwa vimezama humo.